Jalada la Kaki

Kifurushi kutoka Osaka nilikichukua Posta asubuhi, na kabla sijafika kwenye gari simu ikaita. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke wa makamo iliniamkia, ikajitambulisha kuwa ni Rehema wa Kikwe, mtoto wa Mzee Anaeli, yule aliyekuwa mpishi kwa Singasinga mchora ramani. Namba yangu alikuwa ameinakili kutoka kwenye kibao cha mradi kando ya barabara ya Moshi, pale tunapojenga zahanati. "Baba ametutoka jana, Mama," alisema. "Tunazika Alhamisi. Aliacha neno kwamba wasifu wake uandikwe na wewe. Alisema, Aika ndiye anayeijua kazi niliyofanya mjini." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikakata simu, nikakaa ndani ya gari na kile kifurushi mapajani. Nilijua kilichomo. Ni kitabu cha nyumba za mbao za Kijapani, kilichochapwa nikiwa bado shule ya msingi, kikiwa na jaketi lake, na juu ya jaketi mkanda wake wa karatasi nyekundu. Mkanda ule nilikuwa nimeutafuta kwa miaka sita, na siku hiyo sikuwa na hamu hata ya kukata gundi ya bahasha.

Inabidi nieleze mkanda ni nini, maana hata wajukuu wangu wanadhani bibi yao ana wazimu kidogo. Kitabu cha Kijapani huvikwa jaketi la karatasi kama vitabu vya kwingine, halafu juu ya jaketi, sehemu ya chini, huzungushiwa ukanda mwembamba wenye maneno ya kukisifu. Wenyewe wanauita obi, jina lile lile la mshipi wa kimono. Wanunuzi wengi huutupa siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu sisi wakusanyaji tunautafuta kama dawa. Mimi nakusanya vitabu vya usanifu wa kisasa: vya zege na vioo, vya maseremala wa Kijapani wanaounganisha boriti bila msumari, vya bustani ambazo hazina ua hata moja ila mawe na mchanga. Vimejaa chumba kilichokuwa cha wanangu, na wauzaji wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona uso kwa uso wananijua kwa tabia moja. Siwaulizi kwanza hali ya kurasa. Nawauliza, mkanda upo? Kati ya vitabu vyote hivyo kuna kumi na moja nilivyovisaka kwa majina, na hiki cha Osaka kilikuwa cha kumi. Kwa nini kumi na moja, hilo nilikuwa sijamwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, naishi Levolosi, Arusha mjini, kwenye chumba cha kupanga cha shangazi, nikisubiri kujua kama chuo cha ufundi kitanipokea. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari, ambapo mafuta ya taa yakipatikana mtaani habari zilitembea haraka kuliko habari za msiba. Mzee Gurdev alikuwa akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kumwandikia orodha ya vitabu vyake. Alikuwa mchora ramani na mjenzi, mjane, kilemba cheupe daima, na mkoa huu umejaa shule na makanisa aliyoyachora bila jina lake kuandikwa popote. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu ya kuchorea iliyoelekea dirisha la kaskazini, ili Mlima Meru uonekane, na ukuta mzima wa rafu za mninga alizozitengeneza mwenyewe. Siku ya kwanza alinipa kitabu kimoja akaniambia nikifungue. Nikakifungua kama nilivyofundishwa shule, na nikajikuta niko mwisho. Alicheka mpaka akavua miwani. "Hawa wanaanza kule unakomalizia wewe, binti. Geuza. Hujakosea, umefika mapema tu." Sijui kama kuna sentensi nyingine iliyowahi kunifanya nimpende mtu haraka namna ile.

Vitabu kumi na moja vilikaa rafu ya peke yao, usawa wa macho yake. Alivipata kwa rafiki mmoja tu, msanifu wa Kijapani aitwaye Morita, aliyepita Arusha wakiwa vijana wote wawili, akaugua malaria na kulala wiki tatu kwenye nyumba ile. Alipopona walikesha wakichora pamoja, kisha akaenda zake, na baada ya miaka mingi akaanza kutuma kitabu, kimoja kila mwaka. Hayo ndiyo niliyoelezwa. Niliambiwa pia kwamba Morita amefariki mwaka uliotangulia, na kwamba cha kumi na mbili hakitakuja. Nililiandika hilo kwenye orodha kwa wino, "Mkusanyo wa Morita, umekamilika," na Mzee Gurdev akalitazama neno "umekamilika" kitambo, akanirudishia daftari.

Lakini nyumba ile, ukweli usemwe, haikuwa chumba cha kazi. Ilikuwa jiko. Jikoni alitawala Baba Rehema, Mmeru wa Kikwe, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa iliyokunja chapati kwa upole wa ajabu. Miaka kumi na miwili alikuwa pale, anarudi kwake Jumamosi jioni na kurejea Jumatatu alfajiri. Kila asubuhi niliwasikia yeye na Mzee wakibishana kupitia mlango wa jiko, ubishi ule ule, tena kwa raha zao. "Mlima umevaa kofia, Bwana." "Kofia ndogo hiyo, Anaeli, mvua haiji." "Haya. Mimi natoa nguo kwenye kamba." Na mvua ilikuja. Mchana Mzee alikula dengu na chapati mezani, nasi wawili tulikula jikoni kwenye benchi, na siku alizotoka kwake Baba Rehema alikuja na mtindi kwenye kibuyu akatupikia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi huo. Alikuwa akisoma Biblia na kitabu chake cha nyimbo vizuri kabisa, Kiingereza hakukijua, lakini picha alizitaka. Nilikuwa namletea kitabu kimoja kimoja, ananawa mikono kwanza, anakausha, ndipo anakaa. Siku moja alikodolea macho chumba cha Kijapani kilicho kitupu, mikeka tu sakafuni. "Kumbe hawa nao wanalala chini kama sisi," alisema. "Halafu wao wanaandikwa vitabuni." Tulicheka mpaka Mzee akauliza kuna nini.

Masika yalipokolea Mzee Gurdev alisafiri wiki mbili kwenda kusimamia ujenzi Singida. Aliniachia ufunguo wa chumba cha vitabu, wala hakuniagiza zaidi ya kumalizia orodha na kufungua madirisha jua likitoka. Hapo ndipo nilipoona unyevu umeingia. Majaketi ya rafu ile ya Morita yalikuwa yameanza madoa, mengine yamechanika kwenye kunjo, na ile mikanda ilikuwa inaning'inia. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa Kitanzania. Tangu darasa la kwanza nilifundishwa kwamba kitabu chenye heshima ni kitabu kilichovalishwa jalada, na mwalimu wetu alikuwa akikagua majalada kabla hajakagua kucha. Stoo kulikuwa na mifuko ya saruji. Wanaojua wanajua: ile karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ukiikung'uta na kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ni kaki imara kuliko ya dukani, na dukani wakati ule haikuwapo kabisa. Nilikata, nikakunja pembe nne kwa ndani bila gundi wala uzi, nikaandika majina ya vitabu mgongoni kwa herufi za mchora ramani nilizokuwa najifunza. Nilivivua vyote kumi na moja nikavivalisha upya. Baba Rehema aliposimama mlangoni kuviona akasema vimekuwa kama watoto wa kipaimara, nami nikamfundisha ile kunjo ili akavalishe kitabu chake cha nyimbo. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilikuwa na furaha.

Majaketi na mikanda niliviweka kwenye boksi nikavipeleka jikoni. Mafuta ya taa hayakuwapo, na kuwasha mkaa wa masika bila karatasi ni kazi ya kumtoa mtu machozi. "Za kuwashia," nilimwambia. Baba Rehema aliinua mkanda mmoja akaugeuza. "Huku nyuma naona penseli," alisema. Sikusogea hata kutazama. Nikamwambia hizo ni bei tu, wauzaji huandika. Akauweka chini. "Bwana amesema?" aliniuliza. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tusubiri arudi. Nilimwambia, "Ndiyo, amesema," kwa sauti ile ya msichana aliyesoma anapomjibu mpishi, na nataka niiandike hapa hiyo sauti kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi yote. Hakuniuliza tena. Alitumia karatasi zile taratibu, moja moja, kila asubuhi, na chai ya maziwa tuliyokunywa wiki ile tuliisifu.

Mzee Gurdev alirudi Jumatano mchana, vumbi la Singida bado kwenye kilemba. Aliingia chumba cha kazi nami nikamfuata nikisubiri sifa zangu. Alisimama mbele ya rafu. Akatoa kimoja, akakivua kaki, akakigeuza huku na huku, akakirudisha, akatoa kingine. "Mikanda yake iko wapi?" aliuliza, taratibu kabisa. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Lakini yeye alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni, nami nikamfuata nyuma. Boksi lilikuwa tupu pembeni ya jiko, na chini ya wavu wa majivu kulikuwa na kipande cheusi chenye herufi mbili tatu za Kijapani. Akakiokota kikamvunjikia vidoleni. "Nani amechoma hivi?"

"Mimi ndiye niliyewasha moto, Bwana," Baba Rehema alisema. Na huo ulikuwa ukweli. Baada ya hapo akanyamaza, akageuza uso akanitazama. Hakunikazia macho wala hakunionya. Alinitazama kama mtu aliyekushikia mlango uingie. Birika lilikuwa linachemka. Mzee naye akanitazama, kwa sababu alimwona mwenzake anatazama. Mimi nikatazama birika. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa cha dakika moja na birika halijaepuliwa. Ndipo Mzee akasema, "Miaka kumi na miwili, Anaeli," na Baba Rehema akajibu, "Ndiyo, Bwana," akafungua aproni. Asubuhi iliyofuata alikuja kuchukua vitu vyake. Nilikuwa nimesimama uani sijui nashika nini. Alinipita, akasimama, akarudi hatua mbili. "Kuna maziwa kwenye sufuria ya bluu," aliniambia. "Yachemshe kabla hayajachacha." Akaenda na kapu lake, na juu ya nguo zake nilikiona kitabu cha nyimbo kikiwa na jalada la kaki.

Mchana huo Mzee aliniita nikae mbele ya meza ya kuchorea, akanieleza kilichokuwa nyuma ya mikanda. Morita hakuwa mtu wa barua. Alichokuwa nacho cha kumwambia rafiki yake alikiandika kwa penseli nyuma ya mkanda, kwa Kiingereza kibovu cha herufi ndogo ndogo, kisha akauzungushia kitabu na kukipeleka posta. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, mkanda mmoja kwa mwaka. Mzee alikumbuka maneno machache. Moja lilisema jengo zuri linajua mvua inatokea wapi. Jingine lilisema mke wangu amekufa, nimechora ngazi leo. Alikuwa ananisimulia huku akipapasa rafu, na kila mara alipokwama, alipokosa maneno ya mwaka fulani, alisema, "Subiri, litarudi." Halikurudi. Nililia, naye akanipa kitambaa, akidhani nalia kwa ajili yake. Wiki ileile aliketi akaniandikia barua ya kwenda chuoni. Niliisoma njiani kabla sijaipeleka. Iliandikwa kwamba nina jicho zuri, nina mkono mzuri, na kuliko vyote ni msichana mwaminifu.

Barua hiyo ndiyo iliyonifungulia chuo, na chuo kikanifungulia mengine, na siku hizi wateja husifu mapaa yangu kwa jinsi yanavyoipokea mvua ya mlimani. Hata hilo nililiokota kwenye majivu. Mzee Gurdev alihamia kwa binti yake Uingereza nikiwa mwaka wa pili, akafia huko. Ningeweza kumwandikia, anwani nilikuwa nayo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu si mjukuu tena, ameota mvi ananizidi. Nilipopata uwezo nilianza kusaka vile vitabu, kimoja kimoja, vyenye mikanda iliyokamilika, nikijiambia kwamba narudisha kilichopotea. Nimeandikiana na watu wa Kobe na Kyoto, nimejifunza kusoma majina ya wachapaji, nimeamka saa kumi alfajiri kuwahi mnada wa upande wa pili wa dunia. Na kila mkanda ulipofika niliugeuza nyuma kwanza, mjinga mimi, kana kwamba penseli ya Morita ingekuwapo. Nyuma ni nyeupe. Katika miaka yote hiyo sijawahi kukata kona kwenda Kikwe.

Jumatano nilikata. Uani kwa marehemu turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wanamenya ndizi, wanaume wanapanga viti chini ya migomba. Rehema alinipeleka sebuleni kwa mama yake, bibi mzee sana aliyenishika mkono asiuachie, naye Rehema akaniletea chai na daftari. Kitabu cha nyimbo kilikuwa mezani. Kaki ilikuwa mpya, pengine imebadilishwa mara kumi, lakini kunjo ilikuwa ileile, pembe nne kwa ndani bila gundi. Nilianza na ya kawaida, kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto. Tulipofika kazini, Elibariki, mdogo wake Rehema, mwalimu mwenye kitambi na sauti ya ucheshi, aliniamkia kisha akacheka. "Pale andika tu alifukuzwa kwa kuchoma vitabu vya Singasinga, Mama. Hiyo ndiyo hadithi ya nyumba hii. Daftari likipotea hapa tunasema, mwulizeni Baba, ameshapikia chai." Watu wote sebuleni wakacheka, kicheko kile cha msibani ambacho kina machozi karibu. Rehema akaongeza kwamba hata wajukuu walikuwa wanamficha gazeti. Nilimwuliza yeye mwenyewe alikuwa anasema nini. "Nani, Baba?" Elibariki akasema. "Anacheka tu. Anasema, chai yenyewe lakini ilikuwa nzuri."

Nilikaa na kalamu hewani. Baba Rehema aliniachia nafasi mara ya kwanza nikiwa msichana, nikatazama birika. Sasa alikuwa ameniachia tena, na birika halikuwapo. Alhamisi, baada ya kwaya, mchungaji aliniita nikasoma. Nilisoma kwamba Anaeli alifanya kazi mjini miaka kumi na miwili kwa uaminifu. Nilisoma kwamba hakuwahi kuchoma kitu ambacho hakupewa. Kwamba aliyempa ni mimi niliyesimama hapa. Kwamba aliniuliza kama mwenye mali ameruhusu nami nikamdanganya. Kwamba alipoulizwa alisema sehemu yake ya ukweli akaninyamazia ili niseme yangu, na sikuisema, akafukuzwa kwa kosa langu. Mtu mmoja alikohoa. Bibi mzee alimwuliza Rehema kitu kwa Kimeru, Rehema akamwinamia sikioni akamweleza kwa muda mrefu, na bibi akaitikia kwa kichwa akiangalia jeneza. Kisha kwaya ikaimba, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema.

Baada ya maziko nilikuwa natafuta njia ya kuondoka bila kuaga, kama kawaida yangu, Elibariki akanifikia kwenye gari. Mikononi alikuwa na sahani ya ndizi na nyama, akanipa, nikaipokea. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru kama angekuwa nayo.

"Mama," alisema, "tulimtania hivyo mpaka hospitali. Wiki iliyopita, akiwa na mpira wa hewa puani, mwanangu kamwambia babu usiwachomee madaktari karatasi zao. Akacheka. Tukaona kumbe bado ni mzima."

Nilisema pole.

Aliitazama barabara ya vumbi inayoelekea lami, na juu yake Mlima Meru uliokuwa umevaa kofia. "Kutoka kwako mjini mpaka hapa kwetu," aliniuliza, "ni mbali kiasi gani?"

"Nusu saa," nikamwambia.